Sura ya Nne: Tunaelewana Wenyewe, Mahakama ya Nini?

"Sisi hatugombani. Tumekaa kikao, tumegawana, kila mtu ameridhika. Sasa mahakama ya nini?"

Karani wa mahakama yeyote amelizoea swali hili, na msaidizi wa kisheria yeyote pia. Wanaouliza si watu wabishi. Mara nyingi ni familia zenye heshima, zilizomzika mzee wao vizuri, zikamaliza matanga bila maneno, na ambazo zinaona kupeleka mambo ya nyumbani mbele ya hakimu ni kama kutangaza ugomvi usiokuwapo.

Jibu ni fupi. Ugomvi siyo sababu ya kwenda mahakamani. Sababu ni kwamba mtu akifa, mali yake inabaki bila mtu mwenye mamlaka ya kuigusa mpaka mahakama imtaje mtu huyo kwa jina. Kikao cha familia kinaweza kukubaliana juu ya kila kitu, lakini benki haikuhudhuria kikao. Msajili wa hati hakuhudhuria. Wala hakuhudhuria mtu atakayetaka kununua kile kiwanja mwaka 2040, wakati nusu ya wanakikao wenyewe watakuwa wameshafariki.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue familia moja ya kubuni katika kata ya Bagara, mjini Babati. Mzee amefariki akiwa na miaka sabini. Ameacha mjane na watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Mali yake ndiyo hii:

- nyumba ya kuishi Bagara, yenye hati;
- kiwanja kisichopimwa, alichonunua kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa;
- shamba la heka mbili upande wa Bonga, la mahindi na mbaazi;
- pikipiki moja;
- akiba benki, na salio kwenye simu;
- ng'ombe sita wanaofugwa na rafiki yake Galapo.

Ameacha pia madeni mawili: mkopo wa SACCOS na pembejeo alizokopa dukani. Tutakwenda na familia hii mpaka mwisho wa sura.

## Maneno manne ya kuanzia

Mirathi ni mali yote aliyoiacha marehemu pamoja na haki na madeni yake. Watu husema pia "kufungua mirathi", yaani kupeleka shauri mahakamani ili ateuliwe mtu wa kuishughulikia mali hiyo.

Mrithi ni mtu anayestahili kupata fungu.

Wosia ni maagizo ya marehemu mwenyewe kuhusu mali yake, yaliyoandikwa au, kwa sheria ya mila, yaliyotamkwa mbele ya mashahidi.

Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Zinadhani msimamizi ndiye mrithi mkuu, na kwa hiyo kijana mkubwa "akipewa mirathi" basi amepewa mali. Sivyo. Msimamizi ni kama mweka hazina wa kikoba: pesa ziko mikononi mwake, daftari liko kwake, lakini siku ya kuvunja kikoba kila shilingi ina mwenyewe. Msimamizi anaweza kuwa mrithi mmojawapo, na anaweza pia kuwa mtu asiyerithi kitu. Mahakama ya mwanzo ina uwezo wa kumteua mtu mwaminifu wa nje ya familia pale inapoona wanandugu hawaaminiani.

## Kwa nini muhtasari wa kikao hautoshi

Tuseme familia yetu imekubaliana kwamba kaka mkubwa achukue kile kiwanja. Baada ya miaka mitatu anakiuza, mnunuzi anaanza kujenga. Dada mdogo, aliyekuwa masomoni wakati wa msiba, anajitokeza na kuuliza: nani alikuuzia?

Suala la aina hii lilifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Mgeni Seif dhidi ya Mohamed Yahaya Khalfani, la mwaka 2009. Mahakama ilieleza kwamba panapokuwa na mvutano juu ya mali ya marehemu, mahakama ya mirathi ndiyo inayoweza kueleza mali hiyo ilivyotoka kwa marehemu ikafika kwa mrithi au kwa mnunuzi, na kwamba mwenye uwezo wa kuihamisha ni msimamizi aliyeteuliwa kisheria. Kwa lugha ya mtaani, kaka aliuza kitu ambacho hakuwa na mamlaka ya kukiuza. Mnunuzi naye, pamoja na matofali yake, yuko matatani.

Hii haina maana kwamba kikao cha ukoo hakina kazi. Kina kazi kubwa. Ndicho kinachowataja warithi wote, kinachopendekeza jina la msimamizi, na kinachopunguza mapingamizi. Sheria haikiweki kama sharti, lakini mahakama zimezoea kuomba muhtasari wake. Mwenye familia isiyotaka kukaa asikate tamaa: anaweza kwenda kuomba hata bila kikao, na kumweleza hakimu kwa nini hakikufanyika.

Kwa ufupi: kikao kinapendekeza, mahakama inateua, msimamizi anatenda. Hatua ya kwanza haiwezi kuziba nafasi ya ya pili.

## Karatasi ya kwanza: cheti cha kifo

Kila mlango utakaobisha utakuuliza cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kupitia ofisi zake za wilaya. Kibali cha mazishi siyo cheti cha kifo, ingawa wengi huvichanganya.

Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali ya Mrara taarifa yake huanzia pale pale hospitalini. Aliyefia nyumbani, huanzia kwa mtendaji. Na kama mgonjwa alipelekwa KCMC Moshi akafia huko, ndugu wasiondoke na mwili tu. Wadai karatasi za taarifa ya kifo kabla gari halijawashwa, maana kuzifuata baadaye ni nauli na siku zilizopotea.

Kuna tatizo moja ambalo watu wa Babati wanalijua kuliko wengi: tahajia ya majina. Majina ya Kiiraqw na Kigorowa yana sauti ambazo kila karani huziandika anavyosikia. Mzee yule yule ni Tluway kwenye kitambulisho cha taifa, Tluwai benki, na Tuluway kwenye hati ya nyumba. Alipokuwa hai alikwenda mwenyewe akasema "ni mimi". Sasa hayupo. Kabla ya kufungua mirathi, pangeni karatasi zote mezani na msome jina moja moja, herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, ulizeni masjala mapema kuhusu kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

## Mahakama ipi, sheria ipi?

Tanzania haina sheria moja ya kugawa mirathi. Zipo tatu zinazotumika sambamba, na sheria itakayotumika ndiyo inayoamua pia mlango wa kuingilia.

Mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi imekuwa na mamlaka pale sheria inayomhusu marehemu ni ya mila au ya Kiislamu. Inatazamwa pia mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, si alipofia wala alipozaliwa. Mzee wetu aliishi Bagara, basi hata kama alifia Moshi na kuzikwa kijijini kwao, shauri lake ni la Babati. Mirathi ambayo haimo katika sheria hizo mbili hufunguliwa mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali. Zamani watu wa Manyara walisafiri mpaka Arusha kutafuta Mahakama Kuu. Sasa ina masjala ndogo hapo hapo Babati.

Sheria ya kumhusu marehemu haichaguliwi na kaka mwenye sauti kubwa. Mahakama hutazama mtindo wa maisha ya marehemu: aliishije, aliongozwa na mila au dini gani, alionyesha nia gani kuhusu mali yake. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, shauri la mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi maisha ya mjini mbali na mila za ukoo wake. Mahakama iliona mila za Kingoni hazikuwa tena kipimo cha mirathi yake. Kwa hiyo kabila la marehemu peke yake halimalizi hoja.

Tofauti ya sheria hizo ni ya pesa halisi. Tuseme baada ya kulipa madeni, mirathi ya mzee wetu imebaki na thamani ya shilingi milioni 24, na wazazi wake hawako hai.

Kwa sheria ya Kiislamu: mjane, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Hiyo ni milioni 3. Milioni 21 zinazobaki ni za watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti: wavulana milioni 7 kila mmoja, wasichana milioni 3.5 kila mmoja. Marehemu angeweza kuusia kwa watu wasio warithi wake, lakini si zaidi ya theluthi.

Kwa sheria ya serikali, ambayo kwa asili ni ile ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na ukoloni: mjane anapata theluthi, yaani milioni 8. Watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa bila kujali jinsia, milioni 4 kila mmoja.

Kwa sheria ya mila iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba: hakuna hesabu ya namna hiyo. Warithi wamepangwa kwa daraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa ana daraja la kwanza na fungu kubwa kuliko wote, wana wengine wanafuata, mabinti wako daraja la mwisho. Mjane hana fungu lake ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Anatazamiwa atunzwe na watoto wake.

Familia ni ile ile na milioni ni zile zile, lakini mjane anatoka na milioni 8, au 3, au mikono mitupu. Ndiyo maana swali la sheria ipi lisiachwe lijibiwe kwa mazoea. Ziko mirathi zilizofutwa na mahakama za juu baada ya miaka, mali ikiwa imeshagawanywa, kwa sababu tu zilifunguliwa mahakama isiyo na mamlaka. Nenda masjala kwanza, eleza marehemu alikuwa nani na aliishije, uulize mlango wako ni upi.

## Ndani ya mahakama ya mwanzo, fomu kwa fomu

Shughuli ya mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na kwa sehemu kubwa inaweza kufuatwa na mtu asiye na wakili. Kanuni zake ni za mwaka 1971, na zinakwenda kwa fomu sita. Ukizijua, umejua safari yote.

1. Fomu namba 1 ni maombi. Unamtaja marehemu, tarehe ya kifo, makazi yake, warithi wote, mali, na kama aliacha wosia. Wataje warithi wote, hata mtoto wa nje ambaye mama mdogo hataki kusikia jina lake. Kumficha mrithi ni kuchimbia mirathi yote shimo, kwa sababu usimamizi uliopatikana kwa maelezo ya uongo unaweza kutenguliwa.
2. Fomu namba 2 ni tangazo. Mahakama inatangaza kwamba fulani ameomba kusimamia mirathi ya fulani, ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya tarehe iliyopangwa. Hubandikwa mahali pa wazi, na mara nyingine hutolewa gazetini.
3. Fomu namba 3 ni dhamana. Mwombaji anajifunga kusimamia kwa uaminifu, na mahakama inaweza kutaka wadhamini.
4. Fomu namba 4 ni barua ya usimamizi. Hii ndiyo karatasi inayofungua milango ya benki na ofisi ya ardhi.
5. Fomu namba 5 ni orodha ya mali na madeni yote. Inatakiwa ndani ya miezi minne tangu uteuzi, ila mahakama ikiongeza muda.
6. Fomu namba 6 ni hesabu: nini kimekusanywa, nani kalipwa, nani kapata nini.

Katika mahakama ya wilaya na Mahakama Kuu muda ni tofauti kidogo: orodha ndani ya miezi sita, hesabu ndani ya mwaka mmoja. Huko pia, mwombaji anayekuja zaidi ya miaka mitatu tangu kifo lazima aeleze sababu ya kuchelewa.

Watu wengi huishia namba 4. Wakishaipata barua yenye muhuri wanafanya karamu, wanafunga faili kwenye begi, na namba 5 na 6 hawazijui tena. Huko ndiko mirathi inakoozea. Barua ya usimamizi inakupa kazi ya kuanza. Fomu namba 6 ndiyo inayokutua mzigo, kwa sababu baada ya hesabu kukubaliwa mahakama inaweza kuifunga mirathi na wewe ukawa huru.

Kwa ufupi: maombi, tangazo, dhamana, barua, orodha, hesabu. Asiyefika kwenye hesabu hajamaliza mirathi.

## Kukusanya: kazi inayochosha viatu

Sasa dada mkubwa wa familia yetu ameteuliwa. Sheria inampa kazi tatu kwa mpangilio: akusanye mali na kudai walichokuwa wanadaiwa wengine na marehemu, alipe madeni na gharama, kisha agawe. Mpangilio huu haugeuzwi. Anayegawa kwanza na kuwaambia SACCOS "tutaona" anaweza kujikuta anadaiwa yeye.

Benki. Anapeleka cheti cha kifo na barua ya usimamizi. Pesa huingia kwanza kwenye hesabu ya mirathi, ndipo warithi walipwe. Mtoto aliyekuwa na namba ya siri ya kadi ya baba na kuendelea kutoa pesa baada ya msiba, hata kama ni za kulipia jeneza, aziandike zote na atunze risiti. Vivyo hivyo pesa za kwenye simu: ni mirathi kama zilivyo za benki.

Nyumba yenye hati. Jina la marehemu haliruki moja kwa moja kwenda kwa mtoto. Kwanza msimamizi anaandikishwa kwenye hati kwa cheo chake cha usimamizi, ndipo anahamisha kwa mrithi au mnunuzi. Ukiona nyumba inauzwa na "mtoto wa marehemu" bila hatua hiyo, usitoe pesa.

Kiwanja cha karatasi. Hapa dada yetu anatafuta karatasi ya mauziano na mashahidi walioisaini. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule huenda siye wa leo. Awafuate mapema, waandike maelezo yao wakiwa bado na kumbukumbu, na apime mipaka kwa miguu pamoja na majirani.

Ng'ombe wa Galapo. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kuweka mifugo kwa rafiki ni desturi ya siku nyingi Manyara: anayefuga anakunywa maziwa na kupata samadi, mwenye mali anatawanya hatari ya ugonjwa na ukame. Mkataba wake ni maneno na heshima. Mzee alipokuwa hai alijua yule mwekundu ni wake, na ndama wa mwaka jana ni wa nani. Sasa dada anafika bomani na barua yenye muhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Baba yako aliniletea ng'ombe wanne. Wawili walikufa kiangazi."

Nyumbani walijua ni sita. Nani ataapa? Barua ya mahakama haihesabu ng'ombe. Kinachomsaidia ni kumchukua mtu aliyekuwepo siku mifugo inapelekwa, kukaa na mwenyeji kwa utulivu, kuhesabu waliopo, na kuandika hesabu hiyo mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Akipata wanne walio hai na maandishi, amefanya vizuri kuliko anayerudi nyumbani na kesi.

Mazao. Magunia ya mbaazi yaliyoko stoo siku ya kifo ni mirathi. Yaliyovunwa msimu uliofuata, na mjane aliyelima kwa nguvu zake, yanahitaji mazungumzo mengine. Andika kila kundi peke yake.

## Mjane na mabinti

Katika kila mirathi kuna mali ambayo si mirathi. Kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la mke, biashara yake, kuku wake, sehemu yake katika mali waliyoichuma pamoja: hivyo havikufa na mume. Katiba inamlinda kila mtu katika mali yake. Msimamizi makini anatenga kwanza cha mjane, ndipo anaandika cha marehemu. Mjane naye asikae kimya mpaka fomu namba 5 iwasilishwe. Aseme mapema, na alete risiti, mikataba na mashahidi.

Kuhusu mabinti, sheria ya mila imepigwa nyundo zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria alikuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, aliliuza. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inabagua na inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Akaamua kwamba tangu hapo wanawake wawe na uwezo wa kuuza kama wanaume. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ikakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake.

Hata hivyo Tangazo la mwaka 1963 halikufutwa na hukumu hiyo wala sheria hizo. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka 2006. Walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliwapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake za mirathi. Kwa binti wa Bagara somo ni hili: anayekwambia "mila ndivyo ilivyo" hajasema neno la mwisho. Mwambie hakimu kwamba unapinga, na uandikwe.

## Msimamizi akigeuka mwenye mali

Dalili zinajulikana. Simu hapokei. Kodi ya vyumba anakusanya yeye. Ukimuuliza hesabu anakwambia "mimi ndiye mahakama imenipa". Warithi wana njia:

- waiombe mahakama iliyomteua imwite awasilishe orodha na hesabu;
- waombe uteuzi wake utenguliwe, kwa mfano kama alipata usimamizi kwa udanganyifu, au ameshindwa kwa makusudi kuleta hesabu;
- wadai afidie hasara aliyoisababisha;
- wasioridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo wakate rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30.

Familia isiyo na mtu wa kuaminiana naye inaweza pia kumfikia Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko chini ya RITA na ana uwezo wa kusimamia mirathi. Na kwa asiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani. Waulize kabla ya kumlipa mtu anayeandika barua nje ya mahakama.

## Muhtasari wa sura

- Kwenda mahakamani si kutangaza ugomvi. Ni kumpa mtu mmoja mamlaka na wajibu wa kutoa hesabu.
- Sajili kifo ndani ya siku 30 na linganisha majina kwenye karatasi zote.
- Jua kwanza sheria inayomhusu marehemu, ndipo uchague mahakama.
- Taja warithi wote.
- Kusanya, lipa, gawa. Usigeuze.
- Tenga mali ya mjane kabla ya kuorodhesha ya marehemu.
- Usiishie fomu namba 4.

Wewe unayesoma bado uko hai, na karibu kila kilichomsumbua dada yule ungeweza kukiondoa kwa jioni moja. Andika mali zako na madeni yako. Andika ng'ombe wako wangapi, wa rangi gani, wako kwa nani. Ukiweza, andika wosia mbele ya mashahidi. Kwa sheria ya mila hata wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. RITA inapokea na kutunza wosia. Kisha mwambie mkeo au mumeo, na mtu mwingine mmoja unayemwamini, karatasi hizo ziko wapi.